Dampo lililofungwa: kimya cha vipimo hakitoshi

Nchini Marekani, kanuni za shirikisho za mwaka 1991 zinamtaka mwenye dampo la taka za mijini alitunze kwa miaka 30 baada ya kulifunga: akarabati kifuniko, avute maji machafu yanayojikusanya chini, apime gesi inayotoka kwenye taka zinazooza, na visima vya maji ya ardhini. Jimbo linaweza kuupunguza muda huo au kuuongeza. Madampo yaliyofungwa miaka ya 1990 sasa yanafikia ukomo, na wanaoyagharamia wanauliza: tulipe hadi lini?

Swali hilo ni la haki. Gesi hushuka mwaka hadi mwaka, ardhi huacha kutitia, maji machafu hupungua. Visima vikiwa safi kwa miongo mitatu, fedha za kuvipima kila miezi sita zingefaa zaidi kwenye dampo linalovuja.

Ila kifuniko kiliwekwa ili mvua isiingie, na taka zilizokauka haziozi. Mwanaakiolojia William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona alipofukua madampo, Fresh Kills la New York likiwamo, alikuta magazeti ya miongo mingi yakiwa bado yanasomeka. Kwa hiyo gesi kidogo inaweza kuwa dalili ya ukavu tu. Mizizi ikitoboa kifuniko miaka 10 baada ya wapimaji kuondoka, maji yataingia, uozo utaanza upya, na hakuna atakayejua mpaka kisima cha jirani kiharibike. Tena kuna PFAS, kemikali za viwandani zisizooza kirahisi, ambazo wakati kanuni zinaandikwa hazikuwa hata kwenye orodha ya vipimo.

Mimi naona kalenda isiamue. Pampu zizimwe kwa majaribio huku vipimo vikiendelea kwa misimu kadhaa ya mvua. Dampo likibaki tulivu bila msaada, hapo tuna ushahidi. Upimaji wa gesi ulegezwe kwanza, wa maji ya ardhini uwe wa mwisho. Ukaguzi wa kifuniko na marufuku ya kuchimba visikome, hasa pale watu wanapotembea juu yake: Fresh Kills, lililopokea taka tangu 1948 hadi 2001, linageuzwa bustani ya umma. Na mwenye dampo asipewe barua ya kumwachilia kabla haijaandikwa humo ni nani atakayeziba ufa utakaotokea, na kwa fedha zipi.