Ipi ina ajira: kompyuta, usalama wa mtandao au hisabati?

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), na matokeo yake si haba. Juzi alinijia na simu mkononi, amefungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kozi ameshazichuja zikabaki tatu: sayansi ya kompyuta, usalama wa mtandao na hisabati. Baada ya shikamoo alikuwa na swali moja. "Mjomba, ipi ina ajira?"

Wapo wanaolibeza swali hilo, ati elimu si ajira. Wengi wao hawadaiwi na Bodi ya Mikopo.

Tuanze na usalama wa mtandao, maana ndiyo inayowavutia vijana siku hizi. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada kamili ya fani hiyo, pamoja na uchunguzi wa kidijitali, na hoja ya kuisoma moja kwa moja ina uzito. Tazama tunavyoibiwa. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauvunji fumbo lolote la kihisabati. Unamvizia mtu ambaye wiki hiyo kweli anadaiwa kodi ya nyumba. Julai 2023, eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni wa Kenya, ulishambuliwa kwa kufurikishwa maombi bandia mpaka huduma zikakwama. Hapo anatakiwa mtu anayejua mitandao, anayesoma kumbukumbu za mfumo saa nane za usiku bila kusinzia, na anayezijua tabia za watu. Sheria nazo zimemfungulia mlango: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina za kwake za 2018 na 2019. Benki au hospitali yenye taarifa za watu inamhitaji mtu huyo leo.

Shida iko kwenye hiyo "leo". Programu unazofundishwa mwaka wa kwanza huenda zimeshapitwa siku unayovaa joho.

Nilichukua karatasi nikamwandikia mpwa hesabu. Kampuni ya pesa za simu inapitisha miamala 1,000,000 kwa siku, na 100 kati yake ni ya utapeli. Anakuja muuzaji na mfumo unaopatia mara 99 kati ya 100, iwe muamala ni halali au wa utapeli. Utanunua? Akasema ndiyo kabla sijaweka kalamu chini. Haya, tupige hesabu. Ile 100 ya utapeli, mfumo unanasa 99. Lakini miamala halali iko 999,900, na asilimia moja yake nayo inanaswa kimakosa: 9,999. King'ora kinalia mara 10,098, na chenye ukweli ni 99 tu. Kila ving'ora 102, mwizi mmoja. Waliobaki ni mama ntilie na bodaboda waliofungiwa akaunti asubuhi ya kununua mchele na mafuta.

Alirudia hesabu mara mbili kwenye simu, hakuamini. Wala hakuna hisabati ya kutisha pale, ni hesabu za uwezekano (probability) za shuleni. Ila aliyefundishwa kubonyeza mfumo bila kuuhoji ataununua, na atausifia kwenye ripoti.

Upande wa juu kabisa mambo ni makali zaidi. Mwaka 2022 mfumo wa usimbaji, yaani wa kuficha ujumbe kwa hisabati, uitwao SIKE, uliokuwa umefika awamu ya nne ya mchujo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulivunjwa na watafiti wawili wa Leuven, Ubelgiji, kwa kompyuta ya kawaida ndani ya takriban saa moja. Silaha yao ilikuwa kanuni ya hisabati iliyochapishwa 1997, ambayo haikuandikwa kwa ajili ya udukuzi. Lakini tusidanganyane: ni wahitimu wangapi wetu watakaoajiriwa kubuni usimbaji? Mfano huo unasisimua, ila ule wa ving'ora ndio utakaomkuta kazini.

Kwa nini basi asisome hisabati tupu? Kwa sababu atahitimu anajua kuthibitisha, na kuandika programu itabidi ajifunze pembeni. Kwa mwenye nidhamu, ni njia nzuri mno. Simwoni mpwa wangu akiwa na nidhamu hiyo, na mama yake ananiunga mkono.

Mimi naegemea sayansi ya kompyuta, abebe hisabati zote anazoruhusiwa, usalama ajifunze kwa mikono usiku kwenye laptopu iliyotumika yenye Linux, mfumo endeshi wa bure. Kuna na suala la ada: kozi yenye neno "uhandisi" kwenye jina, zikiwemo baadhi za usalama, kwa kawaida ni miaka minne, sayansi ya kompyuta mitatu. Hata hivyo jina la shahada lisimfumbe macho. Kozi ya usalama yenye takwimu na aljebra za kutosha inaishinda ya kompyuta iliyojaa masomo ya kutengeneza tovuti. Kinachoamua ni orodha ya masomo, muhula kwa muhula, na wachache huifungua kabla ya kuomba.

Jana kanipigia: usalama wa mtandao kaiweka ya kwanza. Sikumbishia. Nilimwuliza tu somo la uwezekano liko muhula gani. Kukawa kimya kidogo, nikasikia anapekua. "Wa tatu, mjomba. Ila wameandika ni la hiari."