Eryri: mgeni ananufaisha nani?

Anayekwenda Eryri, hifadhi ya taifa ya milima kaskazini-magharibi mwa Wales, asitarajie pori tupu kama mbuga zetu za wanyama. Ilianzishwa mwaka 1951 juu ya mashamba na vijiji vilivyokuwepo, na leo zaidi ya watu 25,000 wanaishi humo. Wengi wao huzungumza Kiwelisi nyumbani, kwa hiyo hoja ya utalii inagusa lugha na makazi pia, si njia za milimani tu.

Wanaoutetea utalii wana hoja nzito. Machimbo ya mawe ya kuezekea paa yaliyolisha mabonde haya yalififia; lile la Dinorwic, Llanberis, lilifungwa 1969. Sasa kijana anaweza kupata riziki kwa kuongoza wapandaji au kufanya kazi kwenye reli inayopanda Yr Wyddfa, mlima wa mita 1,085, tangu 1896. Akikosa kazi atahama, na lugha itahama naye.

Tatizo ni mgeni anayenogewa mpaka akanunua nyumba ya kulala wikendi chache. Bei hupanda, mwenye mshahara wa bondeni akashindwa, shule ikakosa watoto. Halmashauri ya Gwynedd, mkoa wenye sehemu kubwa ya hifadhi, tangu Aprili 2023 inawatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya kodi ya asilimia 150. Wao wanalalamika kuwa wanaadhibiwa. Mimi naona halmashauri ina haki, maana nyumba iliyofungwa karibu mwaka mzima haimpi mwalimu mwanafunzi.

Tena kuna kidonda cha zamani. Mwaka 1957 Bunge la Uingereza liliruhusu kijiji cha Capel Celyn, karibu na Bala, kizamishwe ili Liverpool ipate maji. Hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyeunga mkono. Bwawa lilizinduliwa 1965, na waliokuwa wakisali na kusoma pale walikwisha hamishwa. Watu waliopitia hayo lazima waulize kwa ukali nani anafaidika.

Hata hivyo sioni sababu ya kususia. Nendeni, hasa ndugu mnaoishi Liverpool na Manchester, maana si mbali. Ila msiishie kileleni pamoja na umati. Fikeni Yr Ysgwrn, Trawsfynydd, nyumbani kwa Hedd Wyn, mchunga kondoo na mshairi aliyeuawa vitani 1917, wiki chache kabla ya kutangazwa mshindi wa tamasha kuu la ushairi. Mamlaka ya hifadhi ndiyo inayoitunza nyumba hiyo. Mkilala, laleni kwa mwenyeji anayeishi hapohapo.