South Park ya 1999: Wanaoipenda kwa Matusi na Wanaoichukia kwa Matusi

Ukimsimulia mtu kisa cha filamu hii atadhani unamtungia. Watoto wanne wa darasa la tatu, katika mji mdogo wa milimani huko Colorado, wanamlipa ombaomba awakatie tiketi za filamu ya watu wazima. Wanatoka ukumbini midomo imeharibika. Wazazi, badala ya kujiuliza watoto waliingiaje mle ndani, wanaigeuzia kibao Canada, nchi ya Terrance na Phillip, wachekeshaji wa filamu hiyo. Lawama zinazaa vita, vita inamfungulia Shetani njia ya kuja duniani, na Shetani anakuja na mpenzi wake, Saddam Hussein. Katikati ya yote hayo watu wanaimba. Wanaimba sana.

Hiyo ndiyo South Park: Bigger, Longer & Uncut, kazi ya Trey Parker na Matt Stone, iliyoingia kwenye kumbi za sinema za Marekani tarehe 30 Juni 1999. Iligharimu takriban dola milioni 21 na ikaingiza zaidi ya milioni 80. Guinness waliiandika kwenye kitabu chao cha rekodi kama katuni yenye matusi mengi kuliko zote: maneno machafu 399 na ishara za matusi 128. Takwimu hizo ndizo hurushwa kila filamu hii inapotajwa. Wanaoipenda huzitaja kwa majivuno, wanaoichukia huzitaja kama ushahidi. Naona zinawapoteza wote wawili. Matusi 399 katika dakika 81 ni kama tusi moja kila sekunde 12, na kwa kasi hiyo sikio huzoea haraka. Robo saa ikipita, tusi halishtui tena. Kama mtu bado amekaa kitini na bado anacheka, kuna kingine kinachomshika.

Kingine hicho ni muziki, na muziki wenyewe si wa kubahatisha. Parker alitunga nyimbo hizo pamoja na Marc Shaiman, mtunzi mzoefu wa Hollywood, wakaziweka juu ya okestra kamili. Filamu inaanza kwa mtoto Stan akitembea kwenye theluji na kuusifia mji wake mtulivu huku majirani wakiingilia mstari mmoja mmoja. Aliyeiona Beauty and the Beast ya Disney ya 1991 ataitambua hatua kwa hatua: binti anakatiza kijijini na wanakijiji wanaimba kumhusu. Baadaye Shetani, jitu jekundu lenye pembe, anabaki peke yake kuzimu na kuimba jinsi anavyotamani kuishi kule juu, kwenye mwanga, kama wengine. Ule ni wimbo wa nguva mdogo wa Disney katika The Little Mermaid ya mwaka 1989, aliyetamani kuishi nchi kavu. Umbo ni lilelile: kinanda kinaanza taratibu, sauti inapanda, kwaya inapokea. Mtunzi hajauharibu wimbo ili uchekeshe. Ameutunga kwa bidii zote, kisha akamkabidhi mwimbaji asiyestahili. Unajikuta unamhurumia Shetani, na sekunde mbili baadaye unajishangaa.

Kuna wimbo mwingine ambao kwangu ndio kilele cha filamu. Ni usiku wa kuamkia vita na wachekeshaji wawili wanasubiri kuuawa. Watoto wanaimba wimbo wa ukombozi, akina mama wanaimba wa hasira, kuzimu kunaimba wake, na makundi kadhaa yana melodia uliyokwisha kuisikia mapema. Halafu zote zinaimbwa kwa pamoja, moja juu ya nyingine, bila kugongana. Hila hiyo imetolewa wazi kwenye mchezo wa muziki Les Misérables, na ni kazi ngumu. Anayeweza kupanga sauti namna hiyo angeweza kutunga operetta ya heshima kama angetaka. Ndiyo maana hoja ya kwamba filamu hii ni utoto mtupu hainiingii. Utoto umo, tena mwingi, ila umeshikiliwa na watu wanaojua wanachofanya.

Sisi tuliokulia kwenye mipasho hatuhitaji kufundishwa kwamba wimbo una ruhusa ambayo maneno makavu hayana. Miaka ya 1990 waimbaji wa taarab Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano walirushiana vijembe jukwaani, watu wakilipa kiingilio na kutuza, maneno ambayo wangeambiana sokoni pangechimbika. Ila mpasho hufumba, na utamu wake uko kwenye kujua nani kasemwa bila kutajwa. Parker na Stone wanafumbua kila kitu, wanataja majina, wanachora na nyuso. Kwa sikio la Kiswahili hapo ndipo wengi wetu wanapochoka nayo mapema, na siwalaumu. Tusi la wazi huonekana la mtu asiye na ufundi. Nilichochelewa kukiona ni kwamba ufundi wa hawa wameuweka kwenye noti.

Sasa tuje kwenye shabaha. Chama cha studio za filamu cha Marekani, wakati huo kikiitwa MPAA, hupanga madaraja ya umri. Daraja R maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi, na NC-17 maana yake mwenye miaka 17 au chini yake asiingie kabisa. Kibiashara tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kumbi nyingi zilikataa kuonyesha filamu za NC-17 na magazeti mengi yalikataa matangazo yake. South Park iliwasilishwa tena na tena ikirudishwa na NC-17, hadi ikapata R muda mfupi kabla ya kutoka. Watunzi wamesimulia kwamba hata jina la kwanza lilikataliwa kwa sababu lilitaja jehanamu. Wakapeleka jina la sasa, lenye maana ya chumbani ambayo mtu mzima yeyote angeipata, na likapita.

Mzozo huo umo ndani ya filamu yenyewe. Sheila, mama yake Kyle (mmoja wa wale watoto wanne) na kiongozi wa wazazi wenye hasira, anawakumbusha watu msimamo wa MPAA: ukatili wa kuchukiza hauna neno, mradi tu mtu asitamke maneno machafu. Ukiicheka sentensi hiyo umeshakubali nusu ya hoja ya filamu. Wazazi hawa wanaona bora mabomu yaanguke kuliko watoto watukane. Cartman, mtoto mwenye mdomo mchafu kuliko wote, anapandikizwa kichwani kifaa kinachompiga shoti kila anapotukana. Kifaa kinaitwa V-chip, na jina hilo halikubuniwa. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya 1996 iliagiza runinga ziwekewe V-chip ili wazazi wazuie vipindi, na nusu ya aina mpya za runinga za inchi 13 na zaidi zilitakiwa ziwe nayo ifikapo 1 Julai 1999. Filamu ilitoka siku moja kabla.

Wakati nao ulikuwa wa moto. Tarehe 20 Aprili mwaka huo wanafunzi wawili walivamia kwa bunduki shule yao ya Columbine, Colorado, wakaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja. Stone alikulia maeneo hayohayo ya Littleton. Nchi nzima ilikuwa inatafuta wa kulaumiwa: filamu, michezo ya kompyuta, muziki wa rock. Wimbo maarufu wa filamu, ule wa wazazi wanaoilaumu Canada, unamalizia kwa kukiri kwamba inabidi wapige kelele haraka kabla mtu hajafikiria kuwalaumu wao. Wimbo huo ukateuliwa kuwania Oscar. Machi 2000 Robin Williams aliuimba jukwaani mbele ya wakubwa wa Hollywood, na neno lililokuwa haliruhusiwi runingani lilipofika akageuka kuwapa mgongo watazamaji huku waimbaji wakishusha pumzi ya mshangao. Ulishindwa na wimbo wa Phil Collins wa Tarzan. Yaani Disney.

Na kuna tukio fupi ambalo hutajwa mara chache, nami naliona kali kuliko matusi yote 399. Jeshi la Marekani linajipanga kwenda vitani na jenerali anawaagiza askari weusi wote wakae mstari wa mbele wawe ngao ya kuwakinga wenzao pamoja na vifaru vyao. Chef, mpishi mweusi wa shule ya watoto, aliyeigizwa kwa sauti na Isaac Hayes, anamsikiliza kisha anamuuliza swali moja la kejeli. Mapigano yakianza, yeye na wenzake wanainama tu. Risasi zinawapata waliokuwa nyuma. Ni sekunde chache, hakuna hotuba, na limesema kuhusu nani hutangulizwa kufa mengi kuliko filamu kadhaa za vita nilizozitazama hadi mwisho.

Hapo ndipo wanaoipenda hunyanyuka na kusema kesi imekwisha. Haijaisha.

Tatizo la kwanza limo kwenye kisa chenyewe. Hoja ya filamu ni kwamba maneno na picha havidhuru watoto, na kwamba wazazi wanatafuta kisingizio. Lakini Kenny, mmoja wa wale watoto wanne, anakufaje? Wametoka kuwaona Terrance na Phillip wakiwasha ushuzi kwa moto. Cartman anamwekea dau kwamba haiwezekani. Kenny anajaribu, anashika moto, anakimbizwa hospitali, madaktari wanampandikiza kiazi kilichookwa badala ya moyo, anafariki. Kifo kinachoanzisha vita kimetokana moja kwa moja na mtoto kuiga filamu. Mashabiki watasema huo ni mzaha. Najua ni mzaha. Ila watunzi werevu kiasi hiki hawakupata njia ya kuendesha kisa chao bila kuazima hofu ya akina Sheila, na hilo linaniambia hofu hiyo si ya kipumbavu kabisa. Nje ya filamu nako ziliripotiwa habari za watoto waliokata tiketi za Wild Wild West, iliyotoka siku hiyohiyo, kisha wakajipenyeza kwenye chumba cha South Park. Nao walikwepa zuio la umri, kama Stan na wenzake.

La pili ni dini. Mmoja wa wahusika anamtukana Mungu waziwazi, na Shetani ndiye mwenye moyo mwema kuliko wanasiasa. Kwa msomaji Mwislamu au Mkristo wa kwetu hakuna okestra itakayolifanya hilo liwe dogo, na anayezima filamu hapo hajakosa akili ya kuelewa kejeli. Ameelewa vizuri, akakataa. Wapenzi wa filamu hizi hupenda kudhani kila asiyecheka hajaipata hoja. Dharau hiyo ni uvivu.

La tatu ndilo zito: utetezi wa kwamba tunamtukana kila mtu sawasawa. Usawa huo upo kwenye karatasi. MPAA ina wanasheria, Canada ina serikali, Disney ina fedha, nao wakitukanwa wanaweza kucheka kisha wakalala. Wapo wengine kwenye filamu wasio na pa kujibia. Sehemu kubwa ya kichekesho cha Shetani na Saddam inategemea mtazamaji aone wanaume wawili kitandani kuwa ni kioja tosha, na kikirudiwa mara ya nne hakina kipya cha kusema.

Kama unadhani naikuza hoja, tazama watunzi haohao walikokwenda baadaye. Mwaka 2011, wakishirikiana na Robert Lopez, walifungua Broadway, New York, mchezo wa muziki The Book of Mormon, uliozoa tuzo 9 za Tony, za michezo ya jukwaani. Wamisionari wawili Wamarekani wa kanisa la Wamormoni wanatumwa kijiji cha kaskazini mwa Uganda. Ufundi wa nyimbo ni uleule, na safari hii wanakijiji wanaudhihaki wimbo wa Hakuna Matata wa The Lion King kwa kibwagizo chenye maneno ya kubuni, kinachomtukana Mungu. Mlengwa ni Wamarekani wanaoiota Afrika ya Disney, hilo nalikubali. Lakini ili kichekesho kifanye kazi, kijiji kinajazwa UKIMWI, mbabe wa kivita na tishio la kuwakeketa wanawake wote. Ukeketaji Uganda ni desturi ya jamii chache za mashariki na kaskazini-mashariki, kama Wasabiny na Wapokot, na sheria iliupiga marufuku mwaka 2010. Mganda wa Gulu hakuwa na kiti mezani mchezo ulipotungwa, wala hakununua tiketi. Wamormoni angalau waliweka tangazo lao kwenye kijitabu cha mchezo. Mwaka 2020 waigizaji weusi waliopitia jukwaa hilo waliwaandikia watunzi, na kabla ya onyesho kurejea Novemba 2021 baadhi ya sehemu ziliandikwa upya.

Hatua hiyo ya kuandika upya inanifaa kuipimia filamu ya 1999, ambayo haijaguswa. Sioni sababu ya kuipiga marufuku, na bodi zetu zina historia ya kukimbilia huko: mwaka 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilizuia katuni kadhaa za watoto kwa madai ya maadili. Hii si ya watoto, basi iandikwe hivyo na mlangoni wakague umri kweli. Lakini ningepewa mkasi, tukio la askari wa Chef lingebaki, na wimbo wa Shetani ungebaki pamoja na ule usiku wa kuamkia vita, kila noti. Ningekata nusu ya kitanda cha Saddam, na lile igizo la kuwaburudisha wanajeshi linalomdhalilisha mwigizaji wa kike wa kweli kwa kichekesho cha chini ya kiuno kisichohusiana na vita wala wazazi. Filamu ingepungua kama dakika tano, na matusi yangebaki zaidi ya 350.