Siti ya chini, magoti yanalia
Wazee wa baiskeli za jioni, hii siti ya chini mtaiacha lini? Eti "nikisimama miguu yote ifike chini." Kilomita 10 tu, lawama kwa uzee! Goti likikunjwa kupita kiasi kila mzunguko, tena kwa gia nzito, litaacha kuuma kwa mbele?

Egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa unyayo wa mbele, goti litabaki limekunjika kidogo. Pandisha milimita 5, zoea siku mbili tatu, kisha ongeza. Ila alama ya mwisho kwenye bomba la siti isitokeze nje, litapinda au kuvunjika. Na kusimama? Shuka mbele ya siti, jamani.