Kikoa Kwanza, Kurahisisha Baadaye

Ninaposahihisha madaftari ya hesabu za logi (logi ya namba ni kipeo ambacho kizio, kwa mfano 10, hupewa ili kuipata namba hiyo), hunisikitisha kumwona mwanafunzi aliyekokotoa vizuri mpaka mwisho, akapata majibu mawili, kisha akalikata moja na kuandika pembeni "haifai", kwa sababu tu ndivyo alivyoona ikifanyika ubaoni. Nilipokuwa mwanafunzi nami nilifanya hivyo hivyo, na nilipewa vema.

Tuchukue mlinganyo log x + log(x − 3) = 1, katika kizio cha 10. Wengi huziunganisha logi mbili kuwa log x(x − 3), wakapata x² − 3x − 10 = 0, na majibu yakawa 5 na −2. Hiyo −2 imetoka wapi? Haikuletwa na kosa la ukokotoaji, kwani ukiiweka katika x(x − 3) unapata 10, ambayo logi yake ni 1 kamili. Lakini mlinganyo tuliopewa unadai x izidi 0 na x − 3 nayo izidi 0, kwa hiyo kikoa chake, yaani namba zote ambazo x inaruhusiwa kuwa, ni x > 3 peke yake. Tulipozidisha, hasi mbili zilizaa chanya, na namba zote zilizo chini ya 0 zikapata pa kuingilia.

Sharti lenyewe, kwamba namba inayotafutiwa logi iwe chanya, si amri ya mwalimu. Ukiipa 10 kipeo chochote, hata −3, unapata 0.001, namba ndogo sana lakini bado chanya; ndiyo maana katika kitabu cha majedwali, ambamo safu ya kwanza ya logi huanzia 1.0 na kuishia 9.9, hakuna mstari wa namba hasi.

Kwa hiyo naona kikoa kiandikwe katika mstari wa kwanza, kabla ya kurahisisha chochote, na mstari huo upewe alama yake. Nasisitiza hili kwa sababu kuna kosa la pili, baya zaidi, ambalo hata kukagua majibu mwishoni hakulifichui. Katika log x² = 2, x inaweza kuwa namba yoyote isipokuwa 0. Anayekimbilia kuandika 2 log x = 2 amekwisha kuzifungia nje namba hasi zote; atapata 10, ataikagua, ataiona ni sahihi, na −10, ambayo nayo ni jibu halali, hatakutana nayo kabisa.