Nyando na Budalang'i: Tuta Lijengwe au Watu Wahamishwe?

Mvua inayoizamisha Ahero, mji wa Kaunti ya Kisumu magharibi mwa Kenya, mara nyingi hainyeshi Ahero. Hunyesha Nandi na Kericho, ikateremka na Mto Nyando hadi uwanda wa Kano, ambako ardhi ni tambarare na udongo mweusi ukishashiba haunywi tena. Budalang'i nako, Kaunti ya Busia, Mto Nzoia hushusha maji ya Cherangani na Mlima Elgon. Kila msimu wa mafuriko hoja ni zile zile mbili: matuta ya udongo kando ya mto, au kuhama.

Wanaotetea matuta wana sababu nzito. Tope la mto ndilo linalorutubisha mashamba ya mpunga na mahindi, na mvuvi hawezi kuishi mbali na mtumbwi wake. Shida ni kwamba tope hilo, lililokuwa likitawanyika mashambani, sasa linanaswa kati ya kingo mbili. Sakafu ya mto inapanda mwaka baada ya mwaka hadi mto unapita juu kuliko mashamba. Mchwa na fuko wanatoboa tuta, ng'ombe wanaoshuka kunywa wanalikata, na hapo palipokatwa ndipo maji yanapopenyea. Likipasuka, tuta lenyewe linayazuia maji kurudi mtoni. Yanasimama wiki kadhaa, vyoo vya shimo vinafurika, visima vinachafuka, na kipindupindu hakiko mbali. Mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipofikia kiwango ambacho halikuwa limekifikia tangu 1964, mito ilikosa hata pa kumwagia.

Kuhama kunaokoa maisha, hilo halina ubishi. Aprili 2024 huko Mai Mahiu, Nakuru, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli yalifumuka kabla ya mapambazuko na kuua watu zaidi ya 40.

Lakini fidia ya kuhama huanza na hatimiliki. Mwenye nyumba ya mawe iliyoinuliwa msingi anayo, na pengine hana haja ya kuhama. Mjane anayelima shamba lililo bado kwa jina la marehemu baba mkwe hana, mpaka kesi ya mirathi iishe. Mpangaji hana kabisa. Na katika boma la Kijaluo lenye wake watatu, kila mke ana nyumba na jiko lake. Orodha ya msaada ikiandikwa jina la mwenye boma peke yake, nyumba tatu za udongo zilizomomonyoka zinagawana mgao mmoja.

Kwa maoni yangu, nyumba itenganishwe na shamba: watu walale palipoinuka ndani ya kata yao, waendelee kulima bondeni. Ni ghali, na ardhi ya juu ina wenyewe, kwa hiyo kaunti italazimika kuinunua. Matuta nayo yazibwe mashimo Januari na Februari, kabla ya masika, kwa bajeti ya kila mwaka badala ya fedha za dharura za Mei. Orodha iandikwe mlango kwa mlango wakati wa kiangazi, wapangaji wakiwemo, maana majina yakichukuliwa kambini shuleni, aliyekimbilia kwa ndugu zake haandikwi.