W Maana Yake Winta, Sasa Theluji ya Tabata Iko Wapi

Jamani mimi sina ugomvi na mtu ila hii habari ya oil imenishinda. Nina Corolla yangu 110, toleo la 98, dashibodi inasoma kilomita 284,000 na hapo hatujaulizana kama kuna mtu aliwahi kuzirudisha nyuma njiani. Injini 5A, haijafunguliwa tangu niinunue, sifa zote nzuri inazo, kasoro moja tu, inakunywa. Sio sana, ni mnywaji wa heshima, nusu lita hivi kwa mwezi, lakini asubuhi nikiwasha inatoa pumzi moja ya bluu inayoenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo ya Mama Nasra, na Mama Nasra hasemi kitu, ananusa shuka moja moja huku ananiangalia.

Sasa muda wa kumwaga oil ukawa umepita, kile kikadi fundi alichofunga kwenye boneti kimeandikwa 282,000 na mimi nimekipita kama daladala iliyojaa inavyopita kituo. Nikasema safari hii oil nachagua mwenyewe, mtu mzima mimi. Nikatoa kitabu cha gari, Kijapani kuanzia jalada mpaka mwisho, nilichoambulia humo ni 5W-30 tu. Nikaenda nacho kichwani hadi dukani Ilala, "Nipe 5W-30," kwa sauti ya mtu aliyesoma. Kijana wa duka akachungulia nje akaiona gari, akanirudishia macho ya nesi anayemuonea mgonjwa huruma. "Mzee wangu, hiyo nyepesi kama maji, gari hilo weka 20W-50." Mteja mmoja pembeni, hata hakuulizwa, akasema yeye anaweka namba 40 ya kupima kwenye dramu na moshi umekata kabisa. Mwingine akasema sinthetiki, wa nne akamkatiza, eti sinthetiki kwenye injini kuukuu inasafisha uchafu ulioziba, ikishasafisha inaanza kuvuja kila kona. Yaani kumbe uchafu ndio umeshikilia gari yangu na mimi nilikuwa naulipia uondolewe!

Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikamuuliza mwanangu wa form three, akagugo. Eti ile W ni winta, msimu wa baridi wa Wazungu. Namba ya kabla ya W ni jinsi oil inavyotembea kwenye baridi, ya baada yake ni uzito wa oil injini ikishachemka, wanapima kwenye nyuzi 100. Winta? Tabata? Mwezi wa pili hapa maji ya bomba yanatoka tayari kumuogeshea mtoto mchanga. Mwenye shida na hiyo namba ya mbele yuko Makete huko. Ila dogo hakunyamaza, akasema baba, hata bila theluji injini ikilala usiku oil nayo inalala, ikiwa nzito mno asubuhi inachelewa kupanda juu kwenye valvu, si unasikia gari ya jirani inavyogonga kama cherehani kila alfajiri? Hapo alinikamata. Angalau ada naona inafanya kazi. Tukakubaliana 10W-40, ndio ile upande wa bibi harusi wanataka Mbezi, upande wa bwana wanataka Mbagala, sherehe inafanyika Buguruni.

Lakini kilichonitoa mbio mpaka kuandika hapa ni dumu. Dumu ni lita nne. 5A na filta mpya inataka kama tatu tu. Ile moja inayobaki, niulizeni inaendaga wapi! Miaka sita namwaga oil sijawahi kurudi nyumbani na dumu lenye kitu, fundi anasema "imeingia yote mzee, injini ilikuwa na kiu," na ana bodaboda hapo nje, sijawahi kumuona akiinunulia oil hata siku moja.

Basi juzi nikasimama juu yake kama mwamuzi. Akalaza gunia, akaingia chini, akafungua nati, ikashuka ile nyeusi tii nzito kama uji wa ulezi uliolala, na jirani mmoja tayari kafika na kidumu chake, anataka oil chafu apake mbao za banda la kuku mchwa wasile. Fundi akavuta kijiti cha kupimia oil, akakifuta na tambara chafu kuliko oil yenyewe, akaona aibu, akamalizia kwenye suruali. Akamimina mpya, alipofika lita tatu akasimamisha mkono.

"Inatosha mzee."

"Weka yote."

"Mzee, itazidi."

"Fundi, weka yote mpaka tone."

Akaweka. Dumu likapinduliwa juu chini na kitako nikakigonga mwenyewe kwa kiganja, nikaondoka kifua mbele.

Asubuhi kuwasha, haikuwa pumzi, ilikuwa mawingu. Yaani mtaa mzima haukuonekana. Mama Nasra kwa mara ya kwanza akafungua mdomo, "Baba Kelvin, leo unatufukizia mbu?" Nikachomoa kijiti, oil imepita alama ya F, ile ya kujaa, vidole viwili. Nikampigia fundi, akaja taratibu, hakunisema hata neno, na hicho ndicho kiliuma zaidi. Akalaza gunia lake, akalegeza nati, akakinga lita moja, safi, inang'aa kama asali ya Tabora, kwenye chupa yenye kifuniko chake. Elfu tano ya usumbufu nikatoa mwenyewe. Anafunga chupa kwenye boda nikamuuliza, fundi, hiyo chupa umeipata saa ngapi?

"Niliibeba toka jana mzee."